Kilio cha Kamukuywa

Ukimpigia Nanyama simu, usitarajie salamu. Kabla hujafungua kinywa vizuri atakuuliza, "Nani amekufa?" Ukimjibu hakuna, atauliza tena, "Una hakika?" Watoto wake wamechoka kumwambia kwamba mtu mzima haulizi hivyo. Tonny, kifungua mimba wake, humcheka kabisa. Angejua, asingecheka.

Zamani, kabla simu za mkononi hazijazagaa kama utitiri, Nanyama alikuwa opareta wa kampuni ya simu pale Kitale. Kampuni yenyewe ilianza na nguzo za mikaratusi zilizochimbiwa kando ya mashamba ya mahindi mpaka Bungoma, na kila simu ya ukanda ule ilipita mikononi mwake. Alikaa mbele ya swichibodi, visikizio kichwani, akichomoa waya huku na kuchomeka kule. Mohanlal, mwenye duka la blanketi, hakuhitaji hata kutaja namba. "Mama Tonny, nipe Bungoma," basi. Na alivyokuwa akiringa! Mji mzima ulimjua kwa sauti.

Siku hizo habari ya kifo haikupewa mfiwa moja kwa moja. Simu haina mkono wa kumshika mtu akianguka. Aliyepiga aliomba kwanza kuongea na mkubwa wa mfiwa kazini, au na jirani, na huyo ndiye angemwambia mfiwa aende nyumbani, kuna mgonjwa. Mengine angeyakuta huko. Nanyama alikuwa ameunganisha simu nyingi za namna hiyo, hata akawa anaujua msiba kabla ya wenyewe. Wala hakusikiliza mazungumzo ya mtu. Hiyo ilikuwa amri ya kampuni, naye aliishika kama amri ya kanisa.

Asubuhi moja ikaingia simu kutoka kwao Sirisia. Alikuwa kaka yake, Wekoye.

"Nanyama, nipatie mkubwa wako."

"Kuna nini huko? Mayi anaendelea aje?"

"Nipatie mkubwa kwanza, bana."

Mama yao alikuwa anaugua tangu mavuno. Akachomeka waya, akavua visikizio, akavilaza mezani. Angeweza kusikiliza, lakini hakusikiliza.

Punde Ndung'u, mkubwa wake, akatoka ofisini na kusimama kando ya kiti chake.

"Mama Tonny, enda nyumbani. Mama ni mgonjwa. Chukua Landrova ya kampuni, dereva anakungoja."

"Landrova ya nini, mzee? Hiyo wapelekee mafundi wa laini. Mimi nitafika tu."

Aliyekwisha kufa hakimbiliwi. Ndung'u alidhani ni ujasiri, akamwacha.

Nanyama akaenda kwa Mohanlal kununua blanketi la kumfunika marehemu. Mohanlal akampa pole, naye akaipokea. Akanunua sukari na majani ya chai ya waombolezaji. Njiani akashuka Kamukuywa kumchukua dada yake, Nabwile, na alipomwona tu akaangua kilio. Nabwile akajitupa chini. Majirani wakaja, wakaimba, wakawashika mikono, na mchana ukapita hivyo.

Jua lilikuwa limeinama walipofika Sirisia. Waliingia langoni wakilia kwa sauti, kama ilivyo desturi. Wekoye akatoka ndani akiwa ameduwaa.

"Nani amewaambia? Amekata roho saa hii tu, hata hatujamuosha."

"Si ulitafuta mkubwa wangu asubuhi?"

"Nilikuwa namuomba akupe gari, Nanyama! Mayi alikuwa anakuita. Siku mzima ameangalia tu mlango."

Maskini Nanyama! Blanketi lilimponyoka mikononi. Kwao kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia mauti, hata watoto hukanywa wasicheze mchezo huo. Naye alikuwa amemlilia mama yake Kamukuywa mchana kutwa, mama huyo huyo akimngoja. Mchungaji alimwambia kilichoua ni ini, si kilio. Hakuamini, na mimi simlaumu.

Alirudi kazini, akachomeka waya miaka mingine. Kisha ikaja mitambo ya kujiunganisha yenyewe, maopareta wakapigwa kalamu. Simu za mkononi zikaimaliza kampuni nzima. Nguzo zile watu walizikata kuni, na jengo siku hizi linauza vipuri vya tuktuk. Nanyama akipita hapo hageuki.

Mwaka jana Tonny alimpigia. "Mama, Mjomba Wekoye anaumwa kidogo."

Safari hii hakuuliza kitu. Alizima jiko akatoka Kitale na kandambili za bafuni, bila hata mkoba. Kamukuywa akaipita macho yakiwa mbele. Sirisia alimkuta Wekoye ameketi mlangoni, kikombe cha uji mkononi.

"Nanyama! Na hizo kandambili? Kwani waliambia wewe nimekufa?"

"Waliniambia unaumwa."

Akaketi kando yake. Kilio cha miaka yote ile kilimpanda kooni. Akauma ncha ya leso yake kwa nguvu, akakizuia, kwa sababu kaka yake alikuwa hai.