Pawatila ya Baba Rehema

Siku yangu ya kwanza benki, pale Mpanda mjini, nilivaa viatu vya kuazima vilivyonibana hadi jioni. Meneja wa Tawi aliniona nikichechemea, akasema, "Mama, kaa chini. Hapa tunalipwa kwa kukaa." Nikakaa mpaka nikastaafu.

Kutoka dirisha la kuhudumia wateja nilihamishiwa dawati la uwekezaji. Kazi ilikuwa kuwaeleza wateja habari za hatifungani: unaikopesha serikali fedha yako kwa miaka mingi, nayo inakulipa riba kila baada ya miezi sita, na mtaji wako unarudi mwishoni. Wakulima wa Kasokola walinicheka. "Ng'ombe namwona anakula," mmoja aliniambia. "Hiyo karatasi yako inakula nini?"

Mkuu wa Dawati alinifundisha kwa ng'ombe hao hao. "Kunywa maziwa, ng'ombe usimchinje." Nilimsikia nusu. Ng'ombe sikumchinja, lakini na maziwa sikuyanywa. Kila riba ilipoingia niliichanganya na mshahara, nikanunua hatifungani nyingine. Nilijiona mjanja, na kwa hesabu nilikuwa mjanja kweli.

Mume wangu alikuwa akilima mpunga Mwamkulu kwa jembe la mkono. Kila msimu aliniuliza, "Mama Rehema, hii riba ya safari hii si inatosha pawatila?" Yaani lile trekta dogo la kuongoza kwa mikono.

"Subiri nistaafu, Baba Rehema. Tutakula tusaze."

Hakugomba. Wazazi wake walitoka Burundi na jembe moja, kusubiri alikuzoea tangu utoto. Hilo ndilo linaloniuma. Angegomba, labda ningesikia.

Sasa riba inaingia, na vijana wa Shanwe wanakuja kuniuliza siri. Nawaeleza yote, maana hesabu yenyewe haina kosa. Halafu nawaambia: nyie mkipata maziwa, kunyweni hata kikombe.

Pawatila niliinunua mara tu nilipostaafu. Mgongo wa Baba Rehema ulikuwa umeshakwisha. Tumemwajiri dereva, na mume wangu namwekea kiti pembeni ya jaruba la mpunga.

Msimu huu alikaa akaitazama ikimaliza kwa asubuhi moja eneo alilokuwa akilipigania wiki nzima. Nilidhani atafurahi.

"Kumbe ni rahisi hivi," alisema.

Akaninyooshea mkono nimsaidie kusimama, turudi nyumbani.