Wiki Yangu Kando ya Bahari ya Waingereza

Miaka ile ya mwanzo ya ujamaa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Muleba, nikachaguliwa kwenda Uingereza mwaka mmoja kujifunza namna ya kuwafundisha walimu wenzangu. Mume wangu alikuwa karani Mwanza na nyumbani alikuja mara chache. Binti yetu, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, nilimwacha kwa mama yangu. Asubuhi ya kuondoka, mama alimpeleka nyuma ya nyumba, ndani ya kibanja, shamba letu la migomba, akamwonyeshe kuku anayeatamia ili asinione nikipanda basi la Bukoba. Wote walisema hiyo ndiyo njia nzuri, nami nikakubali.

Mwezi wa Agosti chuo kilifungwa, na bweni nalo likafungwa. Msimamizi wa bweni, mama mmoja mwenye huruma na haraka nyingi, aliniambia amenipatia nafasi ya wiki moja katika nyumba ya wageni kwenye mji wa pwani.

"Utapumzika," alisema. "Hewa ya bahari itakufaa."

Sikujua watu hupumzikaje. Kwetu mtu akikaa tu mchana kutwa huulizwa kama anaumwa.

Mwenye nyumba ile alikuwa mjane mwembamba aliyevaa aproni tangu asubuhi hadi jioni. Alinipa taulo, akanionyesha chumba cha juu, kisha akanielekeza kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Ilisema kwamba wageni wakishakula asubuhi watoke kufikia saa nne, na wasirudi kabla ya saa kumi na moja jioni. Niliisoma mara mbili, nikidhani Kiingereza changu kimenipotosha.

"Na mvua ikinyesha?" nilimuuliza.

"Kuna vibanda kule ufukweni, mpenzi," alinijibu kwa upole kabisa.

Basi kila siku nilitoka. Ufuko ulikuwa wa kokoto, umejaa viti vya turubai vya kukodi, na kila familia imejizungushia taulo zake na vikapu vyake. Siku ya kwanza nilimsalimu kila niliyepishana naye, kama ambavyo ningefanya njiani kwetu. Mzee mmoja aligusa kofia yake. Mwanamke mmoja akageuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine ninayemsemesha. Siku ya pili nilisalimu kwa kichwa tu, na kufikia siku ya tatu nilikuwa nikipita kimya, nikiyatazama maji kama wao.

Siku hiyo ya tatu mvua ilinyesha. Niliingia katika kibanda kimojawapo, chenye vioo pande tatu na benchi katikati, nikafungua barua ya mama. Iliandikwa na katekista, maana mama hakujua kuandika. Alinieleza kwamba kahawa imeanikwa, kwamba siku mbili za wiki wanakwenda shamba la kijiji na majembe yao, kwamba paa la jikoni limezibwa. Mwisho aliandika: "Mtoto ni mzima. Halii tena."

Najua mama alitaka kunituliza. Niliikunja barua ile, nikaitia ndani ya mkoba, nikakaa hadi saa kumi na moja bila kununua hata chai.

Siku iliyofuata jua lilitoka na watu wakawa wengi. Nilikuwa nimekaa karibu na ngazi za kushukia ufukweni, nimejitanda kitenge juu ya koti, alipokuja mtoto wa kike mwenye nguo ya kuogelea iliyolowa. Alikuwa na umri wa miaka mitatu, labda minne. Hakuwa analia. Alitetemeka tu, akitazama huku na huku, kisha akaja akashika goti langu.

"Mama yuko wapi?" nilimuuliza kwa Kiingereza.

"Amepotea," alisema.

Ningeweza kumshika mkono nikamtafuta polisi. Lakini midomo yake ilikuwa ya bluu kwa baridi, na mikono yangu ilifanya inachokijua. Nilivua kitenge, nikainama, nikampandisha mgongoni, nikamfunga. Alijilaza mara moja. Nilitembea naye taratibu ufuko mzima, nikiimba kwa sauti ya chini kwa Kihaya, na watu wakawa wanatutazama. Kabla hatujafika mwisho wa ule ufuko alikuwa amelala. Sitaficha: nilipomwona mwanamke akija mbio, ameshika kiatu kimoja kidogo, nilitamani awe anamtafuta mtoto mwingine.

Alikuwa ndiye mama yake. Alisimama mbele yangu, hakujua amtoeje mtoto ndani ya nguo ile. Nilifungua fundo, nikamgeuza, nikamkabidhi.

"Asante," alisema. Alikuwa akilia. "Asante sana."

Nikamwambia mtoto hana neno, alikuwa anasikia baridi tu. Nilidhani ataniuliza jina, au ninakotoka. Akasema asante mara ya tatu, akaondoka amembana mtoto kifuani. Upepo wa bahari ulinipiga mgongo pale palipolowa. Ilikuwa saa saba mchana. Nilikuwa na saa nne za kungoja kabla mlango haujafunguliwa.

Nilirudi nyumbani mwaka uliofuata. Mama alikuwa akimenya ndizi barazani, na binti yangu alikuwa nyuma yake, amerefuka, ameshika nguo ya bibi yake.

"Msalimie mama," mama alimwambia.

Alipiga magoti akanisalimu vizuri sana, kama anavyosalimiwa omugenyi, mgeni aliyetoka mbali. Kisha akamuuliza bibi yake kama nitalala hapo.

Sikumlazimisha. Nilirudi darasani, nikawa nakwenda naye shamba la kijiji siku za zamu, akitembea upande wa bibi yake. Miezi ikapita. Asubuhi moja nilikuwa nasahihisha madaftari, akaja mwenyewe na gauni lake mkononi.

"Mama, kifungo kimetoka," alisema.

Nilitafuta sindano. Uzi ukawa hauingii kwenye tundu, naye akasimama pale akinisubiri.