Siku Guka Alijifunga Mtoto Mgongoni

Mwanangu, iko siku moja ya miaka ya tisini nakumbuka mpaka leo. Tulikuwa huko Kangari, majani chai imejaa shambani, na mimi nimejaa maringo.

Bibi yangu alikuwa amelazwa hospitali, nikaachiwa mtoto wetu wa kwanza, miezi minne. Akakataa chupa. Tangu asubuhi ni kulia tu, mpaka sauti ikakauka. Nesi alikuwa ameniambia, asipokunywa mpaka jioni, na yeye analazwa. Na mimi nilikuwa nimemshika mbele yangu kama kuku ya kuuza, namrusharusha. Maziwa yote anatema.

Baba yangu, mwenye sisi sote tulimwita Guka, yaani babu, akaingia. "Mbona hujamfunga mgongoni?"

"Baba, mimi ni mwanaume! Vijana wote wanapita hapo wakipeleka majani."

"Kumtafuta huyu mtoto hukuona haya. Kumbeba ndio unaona?"

Akachukua shuka ya bibi yangu ya kubebea mtoto, haijafuliwa, bado iko na harufu ya mama. Akainama, nikamweka, akajifunga. Mzee wa miaka sabini! Kwetu hiyo ilikuwa kazi ya wanawake, mwanaume hata shuka hagusi. Akatoka kwa barabara, akapanda kilima, akashuka, akiimba wimbo wa kanisa na ile sauti yake ya kukwaruza.

"Ati Guka, siku hizi umekuwa cucu, nyanya ya mtoto?" vijana wakamcheka.

"Leteni mgongo yenu, hii yangu imechoka," akawajibu, na hakusimama.

Na mimi? Nilikuwa nimejificha nyuma ya choo. Kutoka hapo nikaona goti inamsumbua, anachechemea, na bado anapanda. Hiyo ikaniuma. Nikatoka.

"Baba, nifunge."

Akanifunga. Walinicheka mpaka mmoja akaangusha kikapu. Nikatembea tu. Guka akanifuata nyuma na chupa, na mtoto, pua kwa ile shuka, akanyonya polepole, akamaliza yote.

Sasa sikiza, mwanangu. Ndovu halemewi na pembe zake. Mtoto wako akilia, usiangalie nani anakuangalia. Mfunge, tembea, usisimame mpaka anyamaze. Wenye kucheka wataenda kwao kunywa chai, wewe utabaki na mtoto.

Ngai, Mungu wetu, akupe mgongo yenye nguvu, na watoto wa kuilalia.