Dalali Aliyekwenda na Mshenga kwa Mshauri

Haya ninayoyaleta hapa hamtayaamini, na mbishi apande gari aje Ipagala aulizie kwa Harithi, dalali wa ng'ombe. Mdomo wa Harithi mnaujua? Mnadani akishika mkia wa dume lililokonda, maneno yake yanalinenepesha papo hapo, mpaka mwenye mali anajuta kuliuza. Shule aliiacha mapema, kama watu wengine wa maana tunaowafahamu.

Lakini tangu mama yake azikwe kule Kondoa, mdomo ule ukirudi nyumbani ni makelele tu. Chai imepoa, kelele. Mlango umegongwa, kelele. Jioni moja akasikia binti yake Yusra akikimbilia nyuma ya kabati kwa sababu tu viatu vya baba vimefika kibarazani. Hilo lilimkata maini. Mkewe, Hamida, hakumsuta. Alimwambia kituo cha afya kina mshauri nasaha, aende kabla mtoto hajazoea kabisa kumkimbia.

Harithi akakubali, akajiandaa kama anayekwenda kuposa. Alivyolelewa, jambo zito mtu hajisemei, lina mshenga wake. Akamchukua Mzee Khamisi, yuleyule aliyemposea Hamida, akamvalisha kanzu ya pasi, akamshikisha jogoo wa kubishia hodi, na njia nzima akamkaririsha shida za kueleza.

Mshauri alikuwa mama mmoja, Miriam. Alimwamkia mzee shikamoo, akasikiliza utangulizi wake wote, kisha akamwomba apumzike kwenye benchi la nje, yeye na jogoo wake. Zawadi hapokei, na mjumbe vilevile hapokei.

Ndani, Harithi akadai hukumu: aambiwe kosa ni la nani, ajiondokee. Miriam akamweleza taratibu kwamba yeye si kadhi wala mganga. Watakutana kila wiki. Yatakayosemwa hayatoki mle, hata kwa Hamida, isipokuwa akiona uhai wa mtu uko hatarini. Na Harithi akiona hawaendani aseme tu, atatafutiwa mwingine bila kinyongo. Dalali akaona huu ni mnada wa ajabu, hauna ng'ombe wala bei.

"Sasa dada, kama jibu hunipi, kazi yako nini?"

"Kukaa na wewe mpaka ulipate la kwako. Hebu niambie, Mzee Khamisi angekusemea nini?"

Harithi akafungua mdomo, pasitoke kitu. Mtu aliyesemea mifugo ya watu maisha yake yote! Hata msibani alikuwa msemaji wa ukoo: akapokea wageni, akawashukuru waliochimba kaburi, akatangaza siku ya arobaini. Lakini kwamba aliyefiwa ni yeye, hilo hakuwahi kulitamka popote.

"Nimefiwa na mama yangu," akasema, na kilio kikamtoka.

Miriam hakumkatiza wala hakumharakisha kunyamaza. Akamwachia kilio chake mpaka kikaisha chenyewe.

Msidhani alitoka pale amepona. Mara ya pili alikuja amenuna, akamwambia Miriam anampotezea siku ya kazi; Miriam hakuudhika, akataka aendelee kueleza hayo hayo. Harithi akashangaa: kumbe mtu anaweza kumkasirikia mwenzake bila kupaza sauti, na mwenzake asikimbie. Baadaye akapanga Hamida amwombee radhi kwa mtoto. Miriam akamuuliza kwa nini Hamida. Harithi akajicheka mwenyewe. Kumbe alikuwa anatafuta mshenga mwingine.

Siku hiyo akakaa mkekani, akamwita binti yake.

"Yusra mwanangu, makelele yangu hukuyaleta wewe. Ninamlilia bibi yako, na kulia nilikuwa sijui."

Jamani! Mtoto akaruka kama ndama aliyefunguliwa kamba, akamning'inia baba yake shingoni, Ipagala nzima ikatoka nje, vigelegele vikasikika mpaka Mpwapwa, na mwenyekiti wa mtaa mwenyewe akasima—

"Mjomba, hebu acha," Harithi mwenyewe akanidakia. "Hakuruka mtu hapa. Alisogea tu mkekani, akaniuliza bibi alikuwa anaimba nini akitwanga."