Kiatu cha Bibi Harusi na Kabureta Tatu za Otonglo

Siku ile tulikuwa watu sita na magari manne. Mwenyekiti wa chama cha wenye magari hayo alikuwa Mhindi mwenye duka la vipuri mjini Kisumu. Alikuja na mkewe, ambaye alikuwa rafiki yangu hata kabla waume zetu hawajajuana. Tulikutana kwa fundi wa cherehani tukigombania kipande kimoja cha kitambaa, tukaishia kukigawana. Wa pili alikuwa mwalimu aliyesoma na mume wangu tangu utoto, hajaoa, akiniita shemeji hata akiwa amenikasirikia. Wa tatu alikuwa mfanyabiashara wa viazi kutoka upande wa Mlima Kenya. Huyo alinunua gari bovu, mume wangu akalifufua, urafiki ukaanzia hapo. Halafu mume wangu mwenyewe, fundi wa mitambo, na mimi. Majina yao yote ninayo, na ya baba zao pia, ingawa niliachia shule darasa la nne. Siyaandiki kwa sababu wengi wamelala na hawawezi kujitetea.

Magari yenyewe yalikuwa yale madogo ya Kiingereza ya viti viwili, yasiyo na paa. Wazungu walipokuwa wakirudi kwao baada ya Uhuru, waliyauza kwa haraka, na wanaume wetu wakayachukua kama watu wanaookota watoto yatima. Kila mwezi lazima watoke pamoja. Leo Asembo Bay, mwezi ujao Port Victoria, na huko hawafanyi kitu. Wanayapanga magari kando ya maji, wanafungua maboneti, wanasimama wakiangalia ndani. Mimi nimepikia watu nyumbani siku nzima, halafu Jumapili naenda kukaa juani nikimtazama mtu mzima akipangusa plagi kwa shati nililolipiga pasi.

Na walikuwa na sheria. Gari moja likisimama njiani, yote yanasimama, na hakuna anayeondoka mpaka lile lililosimama lingurume. Sheria ya pili, kila mwenye gari atoe maoni yake, mmoja mmoja, kuanzia mwenye gari kongwe, bila kukatizwa. Asiye na gari hana maoni. Maana yake wanawake.

Sasa mdogo wangu alikuwa anaolewa kwetu Asembo. Mama yetu alikuwa amefariki, kwa hiyo mimi ndiye niliyesimama mahali pake. Gauni la arusi lilishonwa Kisumu, na viatu vyeupe vya kisigino nilivinunua Kisumu. Vyote vilikuwa kwenye sanduku juu ya magoti yangu. Pasta alikuwa na makanisa matatu na baiskeli moja. Alisema wazi kwamba arusi ni saa sita, na saa nane yeye anaondoka, awe amefungisha au hajafungisha. Akiondoka harudi mpaka baada ya mavuno. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kungojea kutosha. Bwana harusi alikuwa na kazi mbali na likizo yake ilikuwa inaisha.

Mimi nilitaka kwenda na basi. Mume wangu akasema basi ni aibu wakati chama kizima kimekubali kwenda kumsindikiza bibi harusi kanisani. Nikakubali. Huo ndio ujinga wangu, na sijamlaumu mtu mwingine kwa huo.

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Tulifika Otonglo. Otonglo, jamani, ambapo ukigeuka bado unauona mji. Gari la mwenyekiti likakohoa, likasimama mbele ya wauza mboga, na mengine matatu yakasimama nyuma yake kwa heshima kama ng'ombe kwenye kisima.

Maoni yakaanza. Mwenyekiti alizungumza kwanza, maana gari lake ndilo kongwe, na alizungumza kwa muda mrefu. Mwalimu akafuata, akaeleza petroli inavyosafiri tangu kwenye tangi, kama yuko mbele ya darasa. Wa viazi akasema yeye anashuku kabureta. Mume wangu, ambaye ndiye fundi wa kweli, alikuwa wa mwisho kwa sababu gari letu lilikuwa changa kuliko yote. Zamu yake ilipofika, jua lilikuwa limepanda, naye badala ya kukataa akakubali kabureta.

Lakini mwenyekiti hakupenda gari lake liguswe kwa kubahatisha. Akasema ni vizuri wafungue kwanza kabureta za yale magari yanayotembea, waone kabureta nzima inakaaje, ndipo waifungue ya gari lake kwa ujuzi. Mimi nilidhani anatania. Hakuna aliyecheka. Wakaniomba leso yangu niliyojifunga kiunoni, wakaitandika chini, na kabureta tatu nzima, za magari matatu mazima, zikafunguliwa na kumwagwa hapo, vipande vidogo kama mahindi. Kuku wa mama mmoja muuza sukuma wiki akapita katikati. Kuanzia hapo hakuna aliyejua cha nani ni kipi.

Nikamwita mume wangu kando, nikamwambia ni karibu saa tano.

"Mama watoto, tulia," akasema. "Gari haliachwi njiani."

"Na mdogo wangu je, huyo anaachwa?"

Akaangalia spana. Mwalimu, ambaye hakuulizwa, akasema, "Shemeji, arusi haianzi bila wewe." Nikamwambia arusi haianzi bila mimi, lakini pasta anaondoka bila mimi, na yeye ambaye hajaoa asinifundishe arusi.

Nikaenda kukaa karibu na rafiki yangu, mke wa mwenyekiti, ambaye hakuwa ameshuka garini muda wote huo. Alikuwa anakula njugu. Akaniambia polepole kwamba si kabureta. Ni pampu ya petroli, iko nyuma ya kiti chake, chini ya kibao. Ikilala, yeye huigonga. Miaka miwili sasa anaigonga kwa kiatu mume wake akiwa anatazama barabara, na mume wake anadhani gari limepona lenyewe.

"Na kwa nini hukusema?"

"Nilisema, dada. Nikaambiwa zamu yangu haipo."

Siku hiyo alikuwa amevaa ndala. Akalitazama sanduku langu. Nami nikalitazama. Nikatoa kiatu kimoja cha bibi harusi. Akainua kibao, akagonga mara tatu kwa kisigino, na tukasikia ti-ti-ti-ti, kama saa ya mezani. Nilitaka kuwaita wanaume. Akanishika mkono. Akahamia kiti cha mume wake, akaniuliza kama njia ya Asembo naijua. Sikujua kama anaendesha. Kumbe ndugu yake alimfundisha, nyumbani wakaona haifai, akanyamaza nayo.

Gari likanguruma. Wale wanne waliinua vichwa wakiwa wamepiga magoti kwenye leso yangu. Mwenyekiti alikimbia hatua chache ameshika bisibisi, lakini angefuata na nini? Gari lililokuwa bovu ndilo pekee lililokuwa zima.

Tulifika saa saba na nusu, vumbi mpaka kwenye meno. Pasta alikuwa amekwisha kukunja suruali mguu mmoja ili isishikwe na mnyororo wa baiskeli, akafungisha hivyo hivyo. Mdogo wangu alivaa gauni nyuma ya mlango huku akilia na kunitukana, akatembea kanisani na kisigino kimoja chenye mafuta meusi. Mpaka leo ananiuliza kuhusu kiatu hicho. Hajaniuliza hata mara moja nilifikaje.

Wanaume walikuja alasiri na lori la samaki, wamekaa juu ya vikapu vitupu. Hawakunisemesha. Walikula, lakini. Mwezi uliofuata chama kilikutana, kikaona sheria imevunjwa, gari limewaacha wenzake njiani. Rafiki yangu hakuweza kuadhibiwa kwa kuwa si mwanachama, basi wakamfungia mwenyekiti safari mbili. Na mume wangu, mume wangu mwenyewe, aliinua mkono kukubali. Nilimpikia ugali bila mboga siku hiyo.

Baadaye, familia ya rafiki yangu ilipohama nchi, gari liliuzwa. Siku ya kumwonyesha mnunuzi likagoma, na mwenyekiti, mbele ya watu wote, akamgeukia mkewe akamwambia, "Zamu yako." Hilo nililiona kwa macho yangu, nikarudi nyumbani nikalia, na mume wangu hakujua kwa nini.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Kama wewe ni mtoto au mjukuu wa mmoja wao na ulisimuliwa vingine, njoo unisahihishe, nitakupa chai. Labda kilikuwa kiatu cha kushoto, labda pasta hakukunja suruali. Lakini usiniambie kabureta zilikuwa mbili. Leso ilikuwa yangu, na madoa nimeyafua mimi.