Fundi Aliuliza "Nifute?"

Juzi nikiwa kwa fundi wa kompyuta pale Nengo, aliingia mama muuza vitenge kuchukua mashine yake. Nyumbani wanaigombania yeye, mumewe na mdogo wake. Fundi, aliyekulia Tanzania, alikuwa ameondoa Windows, akaweka programu inayokaa moja kwa moja kwenye chuma chenyewe, yaani mashine tupu, na juu yake akapanga kompyuta tatu za ndani kwa ndani, kila mtu na yake, kila moja na neno lake la siri.

"Donc bwana yangu hataona mambo yangu?" mama akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa.

"Hata harufu."

Mama akapiga makofi. "Bon. Fungua picha za harusi ya mutoto wangu."

Fundi akajikuna shingo. "Mama, programu hii huanza kwa kufuta kila kitu. Nilikupigia nikakuuliza, 'Nifute?' Ukasema, 'Futa sana.'"

"Mi nilifikiri unafuta vumbi!"

Nikageukia ukuta ili nisicheke. Mama akaketi, mikono kichwani. Nakala zingine za picha zilikuwa kwa wakwe zake, wazazi wa upande wa pili wa harusi, na yeye na mumewe walikuwa wamekosana nao tangu siku ya harusi ile ile, kisa nyama. Akavuta pumzi, akapiga simu.

"Mukwe wangu," akaanza kwa sauti ya asali, "nilikukumbuka tu."

Waliongea hadi wakacheka, na picha zikaanza kuingia kwenye simu yake. Akamkabidhi fundi.

"Weka kwa kompyuta yangu tu," akasema. "Bwana akizitaka, na yeye apigie wakwe."