Kapita na Mvua ya Kwanza

Nimerudi Likasi juzi tu, na tayari baraza la baba limenichoka. Naketi, nasimama, nafagia mahali nilipokwisha kufagia, nafungua dirisha kisha nalifunga. Simu nayo hainipi nafasi. Ni kaka yangu wa Lubumbashi, anataka jibu. Ndugu zangu wamekubaliana kwamba baba ahamishiwe kwake kabla mvua hazijaanza, na mimi nimetumwa nije nione kama mzee bado anaweza kukaa peke yake. Alianguka jikoni miezi michache iliyopita, na tangu hapo mguu mmoja haumtii. Baba mwenyewe hataki kuondoka. Hasemi, lakini kila mara jina la Lubumbashi likitajwa anaomba maji ya kunywa.

Muuguzi ameagiza atembee kila asubuhi, kutoka barazani hadi kwenye lango, na kurudi. Basi asubuhi ya kwanza nilimshika chini ya kwapa, nikamwacha anyooke kwanza kabla ya kupiga hatua, nikakaa upande wenye mashimo ili yeye apite penye udongo mgumu. Hata sikufikiri. Baba akaniangalia. "Nani alikufundisha kutembeza bazee?" akaniuliza. Nikacheka, nikamwambia, "Kapita, papa." Yeye hakucheka.

Kapita alikuwa mbwa wetu. Baba ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu mbwa huyo alipokuwa kijana alikuwa akizunguka kiwanja chetu asubuhi na jioni kama msimamizi wa kazi, akimkagua kila mtu aliyeingia. Baba alifanya kazi kiwandani, na jioni honi ya kiwanda ilipolia mtaa mzima ulijua saa. Akina mama walipuliza makaa kwenye mbabula, harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, ikaanza kupanda, na baada ya muda baiskeli za wababa zikaonekana njiani. Baba alipiga kengele yake mbele ya lango, na kabla kengele haijanyamaza Kapita alikuwa pale, mkia ukipiga mabati. Sisi watoto tulikuja baada yake. Mama, naye, baada yetu.

Kisha Kapita akazeeka. Mdomo ukawa mweupe, macho yakaingia ukungu, miguu ya nyuma ikaanza kutetemeka. Kengele ikalia, yeye akabaki amelala nyuma ya jikoni. Siku moja mwizi aliruka ukuta mchana kweupe, akaondoka na kuku wawili na shati la baba la kwenda misa, na Kapita hakuinua hata sikio. Jioni ile baba hakula. Alisimama mbele ya mbwa na baiskeli yake mkononi, akanyoosha kidole langoni, kisha kwenye bakuli la ugali wa mbwa, akasema, "Imbwa yenye haifike ku portail haiko imbwa tena. Inakula bukari ya bure."

Kulikuwa na mtu wa upande wa Kamatanda aliyepita mitaani na gunia, akichukua mbwa waliochokwa na wenyewe. Hakuwachukua ili walinde nyumba yake, bali kwa ajili ya sufuria yake, na kila mtoto wa Likasi alilijua hilo. Baba alisema atamwita. Mimi nililia mpaka pua ikaziba. Aliyeniokoa ni bibi, mama yake baba, mwanamke mfupi ambaye baba, pamoja na urefu wake wote, hakuwahi kumkatiza neno. Bibi alisema, "Umuache mupaka mvua ya kwanza. Kama hafike ku portail, utafanya yako." Baba akakubali, shingo upande. Kiangazi, ambacho kwetu huanza na baridi, ndiyo kwanza kilikuwa kimeanza, asubuhi za baridi na vumbi jekundu.

Sasa, nani atamtembeza? Mimi, bila shaka. Lazima ujue nilikuwa mtoto wa namna gani. Sikutulia kwenye benchi, na mwalimu wangu aliniuliza kila siku, "Weye, nani alikuwekea misumari ku banc?" Nilitumwa chumvi nikaenda mbio, nikarudi mbio, na chumvi nimeisahau. Kumpa mtoto kama huyo mbwa mzee ilikuwa adhabu, na hadi leo sijui bibi alimwadhibu nani kati yetu.

Siku ya kwanza nilimfunga kamba shingoni nikavuta. Kapita akakaa chini, akaniangalia kwa huruma. Nikavuta tena. Bibi akatoka jikoni na mwiko, nikadhani nitapigwa, lakini aliifungua kamba tu. "Muzee habamukokote," akasema. "Banamungojea."

Hapo nikaanza kufundishwa. Kabla ya kutoka, bibi alipasha mafuta ya mawese kidogo, akamsugua Kapita mapajani mpaka mtetemo upungue. Alimkata kucha, maana mbwa asiyetembea kucha zake hurefuka na kumwumiza. Alichukua kitenge chake cha zamani, kile alichotubebea sisi sote mgongoni, akakipitisha chini ya tumbo la Kapita, miisho yote miwili akanipa mimi. Nisimnyanyue, alionya. Nimsaidie tu pale miguu ya nyuma inapokataa. Tutoke asubuhi baridi ikishapungua, turudi kabla lami haijachoma nyayo. Tusipite kwenye mteremko. Na mimi nitembee upande wa magari siku zote, yeye upande wa nyumba, kwa sababu malori ya mawe kutoka Kakanda yalipita kwa fujo na Kapita hakuyashtukia. Akitaka kunusa, nimwache anuse. "Weye unasalimiaka bantu na kinywa," bibi alisema, "yeye anasalimia na pua. Utamukatalia salamu?"

Salamu zenyewe zilikuwa nyingi mno. Kila nguzo, kila jiwe, kila mfereji! Nilisimama nikirukaruka kwa mguu mmoja, nikisubiri, na rafiki zangu wakinipita kwenda kucheza. Na aibu, rafiki yangu, aibu! Kwetu mbwa alijitembeza mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwona mtoto akimfuata mbwa na kitenge, tena hatua kwa hatua kama wako kwenye maandamano ya Ekaristi. Watoto walitufuata wakiimba. Jirani aliyekaanga mikate kwenye kona aliangua kicheko mpaka mafuta yakamrukia. "Eh, mama! Unabeba imbwa sawa mutoto? Utamupatia na maziwa?" Lakini kila siku aliweka pembeni mkate mmoja ulioungua, na Kapita alijua mahali pake. Akawa anafika hadi pale. Baadaye akawa anapita pale.

Ni kwa jirani huyo nilipogundua jambo. Alidondosha sufuria tupu nyuma ya Kapita, kishindo kikatufanya sote turuke, isipokuwa mbwa. Aliendelea kutafuna. Nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Nikaita jina lake. Hakuna. Nilirudi nyumbani mbio, nikakumbuka njiani kwamba nimemwacha, nikarudi kumchukua, tukatembea taratibu hadi nyumbani. "Kaku, Kapita hasikie!" nikamwambia bibi. "Hasikie kengele ya papa!" Bibi aliendelea kuchambua lengalenga, mchicha wake. "Basi umuambie na mukono," akasema.

Tangu siku hiyo nilimfundisha. Kiganja shingoni, mara mbili, maana yake simama twende langoni. Kila jioni honi ilipolia nilikaa karibu yake, nikisikiliza kwa masikio yangu na yake. Lakini kutoka jikoni hadi langoni kulikuwa na ngazi mbili na mchanga mwingi, na baba hakuwa mtu wa kusubiri. Alipiga kengele, akafungua mwenyewe, akapita. Kapita alifika langoni baba akiwa tayari anavua viatu. Baba aliona, akavua kiatu cha pili.

Mvua ikaja kabla ya wakati wake. Tulikuwa bado shuleni, mwalimu ametubakiza hadi jioni kwa adhabu, mbingu ikawa nyeusi, na tone la kwanza lilipogonga bati la darasa nilitoka bila ruhusa. Mwalimu aliniita kwa jina langu lote. Nilikimbia kwenye matope mekundu, kiatu kimoja kikabaki huko hadi leo. Nilipofika, honi ilikuwa inalia. Kapita amejikunja jikoni, baridi imemkaza, na bibi anamsugua mapaja kwa mikono miwili. Tulipitisha kitenge. Kengele ikasikika langoni. Nikaweka kiganja shingoni, mara mbili. Akainuka nusu, akaanguka. Nikaweka tena. Nililia, nikamwambia, "Kapita, tafazali," kana kwamba anasikia.

Akasimama. Tulishuka ngazi. Mvua ilitupiga usoni, kitenge kikawa kizito, na katikati ya mchanga akasimama kunusa, wallahi, akasimama kunusa! Nilitaka kumbeba. Bibi alipaza sauti kutoka mlangoni: "Ungojee!" Nikangoja. Nikainua macho, nikaona lango liko wazi na baba yuko nje yake, ameshika baiskeli, maji yanachuruzika kutoka kwenye kofia yake ya kazi. Angeweza kuingia. Hatua tatu tu na angekuwa chini ya paa. Alisimama pale, mtu ambaye hakuwahi kumsubiri yeyote, mpaka Kapita akafika, akaweka kichwa kwenye goti lake. Baba alimfuta maji machoni kwa kidole gumba. "Bon," akasema. "Kapita amefika."

Mtu wa gunia alipopita, bibi alimwambia nyumba hii haina mbwa wa kutoa. Kapita aliona mvua zile zote na kiangazi kilichofuata, akafa usingizini karibu na mbabula. Tulimzika na kitenge chake.

Honi ya kiwanda hailii tena. Kwenye kona ya mikate sasa wanauza vocha za simu, na bibi yuko makaburini. Watoto wa mtaa huu hawajui kwamba hapa palikuwa na mbwa aliyepita mtaani akishikiliwa kwa kitenge. Inaniuma kuliko nilivyotegemea. Nilidhani nimekuja kuamua habari za nyumba, kumbe nimekuja kutafuta watu.

Leo asubuhi baba alisimama katikati ya njia, mkongojo ukizama mchangani. Aliangalia mawingu upande wa milima. "Mvua ya kwanza iko karibu?" akauliza.

"Bado, papa."

"Na kama inakuja mbele ya miye kufika ku portail? Munanipeleka?"

Nilimwachia mkono polepole, nikatangulia hadi langoni, nikalifungua, nikasimama upande wa nje, upande wa magari. Simu ikaanza kulia mfukoni. Kaka yangu anataka jibu. Miguu yangu, ambayo haijawahi kutulia mahali, ilitulia. Sikuipokea simu. Nilikuwa nangoja mtu.